Kava Ikivuma, Nani Hula Mirabaha?

Tarehe 14 Februari 1967, Aretha Franklin aliingia studio ya Atlantic jijini New York kurekodi wimbo uliokuwa na mwenyewe. "Respect" uliandikwa na kuimbwa na Otis Redding miaka miwili kabla. Ulikuwa umefanya vizuri kwenye chati ya R&B, ukafika nafasi ya 4, lakini kwenye chati kuu ya Marekani, Hot 100, ulikwama nafasi ya 35. Kwa Otis ulikuwa wimbo wa mwanamume anayemwambia mkewe: pesa zote nakupa wewe, basi nikirudi nyumbani angalau niheshimu. Aretha aliugeuza ukawa wa mwanamke anayedai haki yake. Akaitamka heshima herufi moja moja, dada zake Carolyn na Erma wakimjibu kwa nyuma, na saksafoni ya King Curtis ikapewa nafasi ya kupumua juu ya mpangilio wa nota ulioazimwa kutoka wimbo mwingine wa Sam & Dave. Kufikia Juni, "Respect" ilikuwa namba moja Marekani nzima. Mwezi huohuo, kwenye tamasha la Monterey, Otis aliuambia umati kwamba wimbo anaokwenda kuuimba kuna msichana, rafiki yake, amemnyang'anya.

Aliyenyang'anywa, hata hivyo, ndiye aliyekuwa akilipwa. Kila mara redio ya kawaida ya Marekani, ile ya mawimbi ya AM na FM, ilipoicheza "Respect" ya Aretha, malipo ya redio yalikwenda upande wa mtunzi, yaani Otis, hata baada ya yeye kufa kwa ajali ya ndege Desemba 1967. Aretha, ambaye sauti yake ndiyo iliyowafanya watu waongeze sauti ya redio, hakupata senti kutokana na mchezo huo wa redio hadi alipofariki mwaka 2018.

Naanza na kisa hiki kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu kava, yaani wimbo wa mtu unaorekodiwa upya na mwingine, huwa yanaishia mlangoni. Tunabishana nani kaimba vizuri zaidi, yule wa kwanza au huyu wa pili. Ni ubishi mtamu, nami huushiriki. Lakini ukitaka kujua kama kava iliyovuma ilimtajirisha au ilimdhulumu mwimbaji wa kwanza, masikio hayatakusaidia. Inabidi uangalie karatasi.

Mali mbili ndani ya mfuko mmoja

Singo yoyote unayoisikia ina mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni wimbo wenyewe: maneno na melodi, vitu ambavyo unaweza kuviimba bafuni bila ala yoyote na mtu akatambua ni wimbo gani. Hii ni mali ya mtunzi, na mara nyingi pia ya mchapishaji wa muziki, kampuni inayousimamia wimbo na kugawana mapato na mtunzi. Ya pili ni rekodi: sauti hizi hasa, zilizonaswa siku fulani kwenye studio fulani, na koo hili na ngoma hizi. Mwenye rekodi kwa kawaida ni lebo iliyolipia studio, na mwimbaji hupata sehemu yake kwa mkataba.

Mtu akifanya kava, rekodi ya zamani haiguswi. Anakwenda studio kutengeneza rekodi mpya kabisa, ambayo ni mali ya lebo yake. Anachokichukua kwa mwenzake ni wimbo tu. Ndiyo maana fedha za wimbo hurudi kwa mtunzi wa kwanza, wakati fedha za rekodi mpya zinabaki kwa wapya. Mwimbaji wa kwanza ambaye hakuandika chochote hayumo kwenye hesabu hii. Hayupo upande huu wala upande ule.

Wengi hudhani kwamba mtu anayetaka kufanya kava lazima amwombe mtunzi ruhusa. Nchini Marekani si hivyo, na chanzo chake ni piano. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na piano zilizojipiga zenyewe kwa kusoma karatasi ndefu iliyotobolewa matundu. Mchapishaji mmoja wa muziki aliishtaki kampuni iliyouza karatasi hizo, na mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba karatasi yenye matundu si nakala ya wimbo, kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kuisoma kwa macho. Mwaka uliofuata Bunge likasahihisha jambo hilo kwa sheria mpya iliyompa mtunzi haki ya kulipwa. Ila wabunge walikuwa na hofu nyingine. Kampuni moja kubwa ya piano hizo, Aeolian, ilikuwa imeshakusanya mikataba na wachapishaji wengi, na kama haki ingekuwa kamili bila mipaka, kampuni hiyo ingehodhi muziki wa nchi nzima. Wakatafuta njia ya katikati: wimbo ukishanaswa mara moja kwa idhini ya mwenyewe, mtu mwingine yeyote anaruhusiwa kuunasa upya bila kuomba, mradi alipe kiwango kilichowekwa na sheria. Kiwango kilikuwa senti 2 kwa kila nakala.

Senti 2 hizo zilikaa palepale hadi mwaka 1978. Karibu miaka sabini! Elvis, Beatles, Motown, wote walipita chini ya bei iliyopangwa kwa ajili ya karatasi za piano. Mwaka 2006 kiwango kilifika senti 9.1, na mwaka 2023 kikapanda hadi senti 12. Uingereza nayo ilikuwa na leseni ya lazima ya namna hiyo tangu sheria ya 1911 mpaka ilipofutwa na sheria ya 1988. Siku hizi huko leseni hutoka kwa vyama vinavyowawakilisha watunzi na wachapishaji, lakini matokeo kwa mwimbaji wa kawaida hayatofautiani sana: analipia, anarekodi.

Leseni hii ina mipaka. Inaruhusu kuupanga wimbo upya ili ufae mtindo wako, lakini si kubadili melodi ya msingi wala tabia ya wimbo. Haigusi filamu wala matangazo. Huko lazima mkae mezani na mwenye wimbo, naye anaweza kukataa au kutaja bei anayotaka. Na kiwango cha sheria ni cha nakala zinazouzwa. Fedha za wimbo kupigwa hadharani, redioni na kumbini, zina njia yake, kupitia vyama kama ASCAP kilichoanzishwa 1914 na BMI ya 1939, ambavyo hukusanya kwa niaba ya watunzi na wachapishaji.

Nchi nyingi duniani zilikubaliana kupitia Mkataba wa Roma wa 1961 kwamba waimbaji na wapiga ala nao wana haki zao rekodi zao zinapochezwa redioni. Marekani haikujiunga. Hoja ya wenye vituo vya redio imekuwa ileile kwa miongo: sisi tunawatangazia bure, mtu akisikia atanunua. Hapo ndipo Aretha alipokosea njia ya pesa bila kufanya kosa lolote. Kava yake ilikuwa kubwa kuliko wimbo wa kwanza, na ukubwa huo, kwa upande wa redio, ulikuwa ukijaza kapu la mwingine.

Kile ambacho sheria haikioni

Neno kava lenyewe lina historia ambayo si nzuri sana. Miaka ya 1940 na 1950, lebo ikisikia wimbo wa lebo nyingine umeanza kupanda, ilikimbilia studio na mwimbaji wake ili isipitwe na soko. Kazi hizo hazikuwa za heshima kwa mtunzi. Zilikuwa mbio. Na katika Marekani ya ubaguzi, mbio hizo zilikuwa na mshindi anayejulikana mapema, kwa sababu vituo vikubwa vya redio vilikuwa tayari kumcheza mwimbaji mweupe mahali ambapo mweusi hakufika. Mwaka 1955 Fats Domino alitoa "Ain't That a Shame", wimbo alioutunga pamoja na Dave Bartholomew, akafika nafasi ya 10 kwenye chati ya pop. Pat Boone, mwimbaji mweupe, akaurudia, akafika namba moja. Angalau Domino alikuwa mtunzi, na kava ya Boone ilimletea fedha.

LaVern Baker, mwimbaji mweusi, hakuwa na kinga hiyo. "Tweedle Dee" yake iliandikwa na mtu mwingine. Georgia Gibbs, mwimbaji mweupe, aliirudia mwaka huohuo wa 1955 kwa mpangilio uleule: milio ileile, maingilio yaleyale, vituo vilevile. Ya Gibbs ikafika nafasi ya 2, ya Baker ikaishia ya 14. Baker alikasirika kiasi cha kupeleka malalamiko yake kwa mbunge, akitaka mpangilio wa muziki ulindwe kisheria kama yanavyolindwa maneno na melodi. Hakufanikiwa. Hata ulinzi wa rekodi yenyewe katika sheria ya shirikisho la Marekani ulianza tarehe 15 Februari 1972 tu, na hata huo unakataza kunakili sauti zilizonaswa, haukatazi kuziiga. Ukikaa studio na bendi yako mkapiga hadi msikilizaji asitofautishe, hujavunja sheria hiyo.

Nadhani madai ya Baker ndiyo kiini cha suala zima, ingawa sijui kama angekubaliana nami kuhusu matokeo yake. Kile kinachofanya kava ivume mara nyingi ni mpangilio hasa: kasi, ufunguo, mahali pa kunyamaza, nani anaitikia na lini. Na hicho ndicho ambacho sheria haimpi mtu yeyote. Kilimponyoka Baker alipoibiwa, lakini pia kilimponyoka Aretha alipobuni. Herufi saba za R-E-S-P-E-C-T hazimo kwenye wimbo wa Otis. Dunia nzima inazijua, na jina la Aretha halimo kwenye orodha ya watunzi.

Mfano ulio wazi zaidi ni "Hallelujah". Leonard Cohen aliutoa mwaka 1984 kwenye albamu ambayo lebo yake, Columbia, ilikataa kuitoa Marekani, na kazi hiyo ikaachiwa lebo ndogo. Wimbo ulikuwa na kinanda cha umeme na kwaya nzito, na sauti ya Cohen imeshuka chini kabisa. Wachache waliusikia. Mwaka 1991 John Cale alitaka kuurekodi kwa ajili ya albamu ya kumuenzi Cohen, akaomba maneno. Cohen, ambaye alikuwa ameandika beti nyingi mno kwa wimbo huu, akamtumia kwa faksi kurasa 15. Cale akachambua, akachagua beti anazozitaka, akaacha kwaya na kinanda, akabaki na piano na sauti yake. "Hallelujah" tunayoijua leo ilizaliwa hapo. Jeff Buckley aliipata kwa Cale, akabadilisha piano kwa gita, akaitoa mwaka 1994. Nayo haikuvuma papo hapo. Umaarufu wake mkubwa ulikuja baada ya Buckley kufa maji mwaka 1997. Desemba 2008, mshindi wa shindano la X Factor la Uingereza, Alexandra Burke, aliitoa kama singo yake ya kwanza, na wiki ya Krismasi chati ya Uingereza ikawa na Burke namba moja, Buckley namba mbili, na Cohen mwenyewe nafasi ya 36, wimbo mmoja mara tatu.

Mirabaha ya utunzi, yaani malipo ya upande wa mtunzi, ya nafasi zote tatu ilikuwa ya wimbo wa Cohen. Sina kinyongo na hilo hata kidogo. Ni yeye aliyekaa miaka na beti hizo. Lakini kazi ya Cale, ile ya kuchambua kurasa 15 na kuona wimbo umejificha wapi, haina jina kwenye daftari lolote la malipo. Anakumbukwa na wanaofuatilia, basi.

Mwanamke aliyekataa nusu

Dolly Parton aliandika "I Will Always Love You" mwaka 1973 kumuaga Porter Wagoner, mtu aliyemtambulisha kwenye kipindi chake cha televisheni na ambaye hakutaka aondoke. Si wimbo wa kuachana kwa wapenzi, ingawa wengi tumeupokea hivyo. Ni barua ya kuacha kazi, iliyoandikwa kwa upole usio wa kawaida. Ulitoka kama singo mwaka 1974 na ukafika namba moja kwenye chati ya muziki wa country. Ubeti wa mwisho Dolly hakuuimba, aliusema, kama mtu aliyesimama mlangoni na mzigo mkononi.

Elvis Presley aliupenda akataka kuurekodi. Kila kitu kilikuwa kimepangwa, mpaka meneja wake, Colonel Tom Parker, alipompigia Dolly simu na kumweleza masharti: Elvis harekodi wimbo ambao upande wake hauna sehemu ya haki za uchapishaji. Walitaka nusu. Elewa uzito wa ombi hilo. Hawakuwa wakiomba nusu ya mapato ya rekodi ya Elvis. Walikuwa wakiomba nusu ya haki za uchapishaji za mali ya kwanza kati ya zile mbili, yaani kwamba kila atakayeuimba wimbo huo baadaye, popote, Dolly agawane. Dolly ameeleza mara nyingi kwamba alilia usiku kucha, lakini jibu lake lilikuwa hapana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye daftari lake alikataa kuligawa hata kwa mfalme.

Wimbo ukaendelea na maisha yake. Linda Ronstadt aliurekodi mwaka 1975. Dolly mwenyewe akaurudia mwaka 1982 kwa ajili ya filamu na ukafika tena namba moja kwenye chati ya country, jambo ambalo hakuna mwanamuziki aliyekuwa amewahi kulifanya kwenye chati hiyo kwa wimbo uleule. Halafu ikaja filamu "The Bodyguard". Whitney Houston alikuwa aimbe wimbo mwingine wa zamani, lakini ikagundulika umeshatumika kwenye filamu nyingine. Kevin Costner, mwigizaji mwenza na mmoja wa watayarishaji, akapendekeza "I Will Always Love You", akitoa mfano wa toleo la Ronstadt. Prodyuza David Foster alianza kulifanyia kazi toleo hilo, kumbe Ronstadt alikuwa ameuacha ubeti wa mwisho. Dolly ndiye aliyemtahadharisha Foster kwamba ubeti umepungua, akampa maneno.

Kilichofuata ni somo la mpangilio ambalo silichoki. Costner alishikilia kwamba Whitney aanze bila ala yoyote, na watu wa lebo walikuwa na wasiwasi, kwa sababu redio haikuzoea ukimya wa namna hiyo. Kwa zaidi ya nusu dakika unasikia koo tupu. Kisha ala zinaingia taratibu, saksafoni ya Kirk Whalum inapita, muziki unasimama kabisa, ngoma inapigwa mara moja, na Whitney anarudi na kiitikio kikiwa kimepanda ufunguo kwa hatua nzima. Sikiliza matoleo hayo mawili moja baada ya jingine. Dolly anaondoka kimya ili asimuumize anayebaki. Whitney anaondoka akijua kwamba itamuuma yeye, na anaufungua mdomo wote. Maneno ni yaleyale, lakini aliyesimama mlangoni si mtu yuleyule. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kati ya kava na mwigo, na ndiyo sababu wa kwanza haufi wa pili unapovuma.

Wa Whitney ulikaa namba moja Hot 100 wiki 14, rekodi ya chati hiyo kwa wakati huo, ukampa tuzo ya Grammy ya Rekodi ya Mwaka. Angalia jina la tuzo: ni ya Rekodi, si ya Wimbo. Hata wagawa tuzo wanazitenganisha zile mali mbili. Dolly amesimulia kwamba alikuwa akiendesha gari alipousikia kwa mara ya kwanza, akalazimika kusimama pembeni. Sehemu ya mirabaha alinunulia majengo ya ofisi katika mtaa wa watu weusi huko Nashville, akisema alifanya hivyo kwa heshima ya Whitney, na kwamba ni nyumba aliyoijenga Whitney.

Nusu ya haki za uchapishaji za hayo yote ingekuwa ya upande wa Elvis.

Visa vya namna hii vimeendelea hadi karibuni. Tracy Chapman aliandika "Fast Car" na kuitoa mwaka 1988, ikafika nafasi ya 6 Hot 100. Mwaka 2023 Luke Combs, mwimbaji wa country, aliirudia karibu neno kwa neno, bila kubadili hata maneno yanayoonyesha kwamba msimulizi ni mwanamke, ikafika nafasi ya 2. Chapman akawa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Wimbo wa Mwaka ya Chama cha Muziki wa Country. Februari 2024 waliuimba pamoja jukwaani kwenye Grammy, Combs akimtazama kama mwanafunzi. Wengi waliandika kwa hasira kwamba mzungu amempora mwanamke mweusi wimbo wake. Naelewa hasira hiyo ilikotoka, maana miaka ya 1950 bado inauma. Lakini hapa haikuwa na shabaha. Chapman alikuwa mtunzi pekee, na kila nakala ya Combs ilikuwa na sehemu yake.

Waliokuja kwanza bila kalamu

Hasira hiyo ingeelekezwa kwenye kisa cha mwimbaji Big Mama Thornton, ingepata pa kukaa. Jerry Leiber na Mike Stoller, vijana wa miaka 19, walimwandikia "Hound Dog" mwaka 1952. Akaiimba kwa mngurumo, na mwaka 1953 ikakaa namba moja ya chati ya R&B wiki saba. Mwaka 1956 Elvis akaitoa. Yeye aliipata kwa bendi iliyokuwa ikiiimba Las Vegas na maneno yaliyokwisha badilishwa, kwa hiyo ilikuwa kava ya kava. Yake ikatawala nchi. Thornton alikuwa akisema kwamba kwa wimbo huo alipata hundi moja ya dola 500, basi. Leiber na Stoller, wakiwa watunzi, walikuwa na haki ya kulipwa kwa kila toleo. Yeye aliyewafundisha watu wimbo huo unapaswa kulia vipi hakuwa na cha kudai.

Na Gloria Jones. Huyu ndiye ninayemfikiria kila nikisikia mtu anasema kava imeuokoa wimbo. Mwaka 1964, akiwa msichana mdogo, aliimba "Tainted Love", utunzi wa prodyuza Ed Cobb. Ulitolewa mwaka 1965 upande wa pili wa santuri, upande ambao redio hazikuupa nafasi, na haukufika popote. Miaka minane baadaye DJ wa Uingereza, Richard Searling, akichakura santuri za zamani huko Marekani, aliinunua na kuirudisha kwao. Kwenye kumbi za kaskazini mwa Uingereza, ambako vijana walikesha wakicheza soul ya Marekani iliyosahaulika, ikawa wimbo wa kupandisha jukwaa. Ile ni rekodi ya kasi, ya shaba na makofi, na sauti ya Gloria inakimbia mbele ya bendi kana kwamba nyumba inaungua.

Mwaka 1981 Marc Almond na Dave Ball, wawili waliojiita Soft Cell, wakaipunguza kasi, wakaishusha ufunguo, wakatoa ala zote wakabaki na sintesaiza na ule mlio wa mara mbili unaogonga kama kengele. Hofu ikageuka kuwa uchovu. Ilikuwa namba moja Uingereza, na Marekani ikakaa Hot 100 wiki 43, muda ambao hakuna wimbo ulikuwa umeufikia. Hapa kuna jambo lililowauma Soft Cell wenyewe. Upande wa pili wa singo hiyo waliweka kava nyingine, wimbo wa Supremes. Upande wa pili wa santuri hulipa mirabaha ya utunzi sawa na upande wa kwanza, kwa kuwa zote zinauzwa kwa pamoja. Kama wangeweka pale wimbo wowote waliouandika wao, hata mbaya, wangelipwa kama watunzi kwa kila nakala. Walikuwa na moja ya singo kubwa za muongo ule, na kwa upande wa utunzi hawakuwa na chochote.

Ed Cobb alifariki mwaka 1999. Mwaka 2006 Rihanna alifika namba moja Marekani na "SOS", iliyojengwa juu ya mlio wa "Tainted Love" ya Soft Cell, na jina la Cobb likaandikwa miongoni mwa watunzi, miaka saba akiwa kaburini.

Programu nyingi za kusikilizia muziki zina ukurasa wa majina ya wahusika. Fungua wa rekodi ya 1965: mtunzi Ed Cobb, mwimbaji Gloria Jones. Fungua wa 1981: mtunzi Ed Cobb, waimbaji Soft Cell. Fungua wa 2006: Cobb yumo, pamoja na wenzake wawili. Jina la Gloria liko kwenye ukurasa wa kwanza tu.